Chachu Iliyovuka Kilima

Mama mkubwa wake Bertila alifika Kilindima saa tatu asubuhi na mkungu wa ndizi kichwani, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Bertila Kapinga, mwuguzi, alikuwa kwenye baraza la zahanati, amemketisha mzee Kolumba Ndunguru kwenye benchi, anambandua kiraka cha kifuani cha kupimia moyo ili ambandike kipya. Alimwona mwanamke akiteremka njia ya kilimani kwa hatua za haraka, kanga imefungwa kiunoni, mkono mmoja tu ukiugusa mkungu. Akadhani ni mmoja wa wasichana wa Lipumbi, ng'ambo ya kilima, wanaokuja gulioni. Mwanamke alipofika kwenye mtaro wa barabara, akauruka.

Akauruka! Mama Eufrasia Hyera, miaka sitini na minne, mgonjwa wa kisukari kwa miaka kumi na tisa, ambaye miezi minane iliyopita alikuwa akilala amekaa, mito mitatu mgongoni, na safari ya kutoka jikoni hadi chooni akipumzika mara mbili njiani.

"Mbona mnanitazama kama nimekuja na askofu?" alisema, akatua mkungu.

"Shikamoo, mama. Nani kakuleta?"

"Marahaba. Nani anilete? Nina miguu miwili, au shule ilikusahaulisha kuhesabu?"

"Umepanda kilima kile?"

"Nimekipanda, nimekishuka. Kingekuwa na njia ya pembeni ningekizunguka."

Mzee Kolumba aliangua kicheko, kifua chake kikiwa bado wazi. "Shemeji Frasia! Krismasi ile kwaya yenu ilishaanza kukuchagulia nyimbo za kukusindikiza."

"Waziweke, watakuimbia wewe. Funga shati, mbavu zako zinatia watu huzuni."

Bertila naye alicheka, lakini kiraka kilibaki mkononi mwake bila kubandikwa. Ni yeye aliyetia sahihi karatasi ya kumkataa mama yake huyu kwenye mradi wa kujaribu dawa ya mioyo ya wenye kisukari. Moyo wenye afya husukuma nje zaidi ya nusu ya damu iliyomo ndani yake kwa pigo moja. Wa Mama Eufrasia ulikuwa ukisukuma ishirini na tisa katika kila mia. Mradi haukuchukua mtu aliye chini ya thelathini na tano. Walio chini ya hapo waliitwa wamechelewa, wakapewa ushauri na namba ya simu. Na moyo wa mtu wa kisukari ukishafika ishirini na tisa haurudi wenyewe kwa kula mchicha.

*

Dokta Oswin Mahundi, mkuu wa mradi, alitokea ukutani saa nne kamili, picha yake ikimulikwa na kishikwambi, nusu ya uso wake ikiwa kwenye ufa wa plasta. Alikuwa Songea, kwenye maabara ya mradi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia nyumbani kwake ili asilie kazini.

"Mhakiki amemaliza hesabu," alisema. "Nakusomea. Wenye ndoo za mifuniko ya bluu walianza na arobaini na moja, sasa wana hamsini na mbili. Wenye mifuniko myeupe walianza na arobaini na moja, sasa wana hamsini na moja. Tofauti ni moja, Bertila. Moja."

Mhakiki hakuwa mtu. Ulikuwa mtambo wa Baraza la Utafiti, uliosoma viraka vyote themanini na vinne vya Kilindima usiku na mchana na haukuwahi kumhurumia mtu wala kumwonea.

"Lakini wote wamepanda, daktari. Alama kumi!"

"Wamepanda kwa sababu wanatazamwa. Mtu akishabandikwa kitu kifuani anaacha pombe, analala mapema, anakula mboga. Umeshaliona hilo, nimeshaliona. Kama chachu yetu ingekuwa na kazi, bluu ingemwacha mwenzake." Akavua miwani. "Alhamisi Baraza linaketi. Wanafunga. Mtakusanya ndoo zote, mtaziweka kwenye gari, na mbegu ya chachu iliyo huku tutaiteketeza. Miaka kumi na mmoja hiyo."

Miaka kumi na mmoja iliyopita Mahundi na wenzake walianza na jambo linalojulikana na kila mwuguzi: kisukari huifanya figo itupe vitamini B1 kwenye mkojo. Moyo ukikosa B1 hauwezi kuichoma sukari inayoingia, na sukari ile iliyokwama hugeuka sumu, ikakakamaza nyama ya moyo polepole, mwaka hadi mwaka. Vidonge vilikuwepo, lakini vidonge huisha, hulowa, husahaulika. Kwa hiyo walitunga chachu hai, chachu ya togwa, iliyokula utamu wa ulezi na kutoa B1 ya aina inayopenya hadi ndani ya chembe za moyo. Mtu angeilisha uji na kimea jikoni kwake, kama mama zake walivyofanya siku zote, na dawa ingezaliwa upya kila asubuhi. Nusu ya watu wa Kilindima walipewa ndoo ya mfuniko wa bluu yenye chachu hiyo. Nusu walipewa ya mfuniko mweupe yenye chachu ya kawaida. Yupi kapata ipi, Mhakiki peke yake ndiye aliyejua, na rangi za mifuniko zilifunguliwa kwa Mahundi na Bertila asubuhi ile ile.

Togwa ya mradi ilikuwa kali kuliko ya kawaida. Mume mmoja aliwahi kumrudishia mkewe bakuli akauliza amemkosea nini.

"Daktari," Bertila alisema, "kuna mtu anaweza kutoka ishirini na tisa akapanda kilima cha Lipumbi na mkungu wa ndizi?"

"Kwa dawa gani?"

"Hana dawa mpya."

"Basi kipimo cha kwanza kilikosewa," Mahundi alisema, na ukuta ukawa ukuta tena.

Kipimo cha kwanza alikipima Bertila mwenyewe, mara tatu, kwa sababu hakutaka kukiamini.

*

Walirudi Lipumbi pamoja mchana ule. Kilima kile hupandwa kwa magoti. Katikati ya njia Bertila, mwenye miaka ishirini na tisa na moyo mzima, alishika kiuno akasimama, na mama yake akamngoja juu akitafuna muwa.

"Pumzika, bibi," alisema. "Nitakuletea fimbo?"

Jikoni mwa Mama Eufrasia mlikuwa na chungu cheusi kando ya mafiga, kimefunikwa sahani ya bati. Bertila alikifunua. Harufu ilimfikia kabla macho hayajaona: ukali ule ule.

Alitoa mfukoni tochi ya zambarau. Kila kiumbe kilichotungwa maabara kilitiwa alama ya kung'aa, ni sheria, ili kisipotee kati ya viumbe vya Mungu. Alivuta mlango, akawasha. Togwa iling'aa kijani, kijani cha majani machanga ya mpunga, kutoka juu hadi chini ya chungu.

"Ee Bikira," Mama Eufrasia alisema. "Nimekuwa nikinywa taa?"

"Mama, nani kakupa hii?"

"Hakunipa mtu."

"Imeingiaje humu?"

"Nakuambia hakunipa mtu. Mliwaambia watu wa Kilindima wasimgawie mtu chachu, wakaweka dole gumba. Na hawakugawa. Nilimwomba Tereza kwa kupiga magoti, ndugu yangu wa kwaya, akaninyima. Nililia siku ile. Sasa usije ukawatukana."

"Sasa?"

Mama Eufrasia aliketi kwenye kigoda. "Hii ni ya msiba wa Bibiana," alisema.

Bibiana alikuwa mke wa mzee Kolumba. Alikufa mwezi wa tatu wa mradi, ajali ya gari la kahawa, na Bertila alikuwa Songea kwenye mafunzo siku zile. Alituma rambirambi, akarudi wiki ya pili yake. Lakini hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alizaliwa hapa. Alijua.

Kwa watu wa milima hii, kila mwanamke anayekwenda kuzika huenda na togwa, na zote humiminwa kwenye pipa moja mlangoni mwa msiba, ili mfiwa asijue ya nani ilikuwa nzuri na ya nani ilikuwa mbaya. Hakuna anayekunywa yake. Na siku ya kuanua matanga kinachobaki hakimwagwi. Kumwaga togwa ya msiba ni kumwambia mfiwa kwamba tumechoka naye. Kila mwanamke huchota, akaenda kuchanganya na ya chungu chake mwenyewe, ili msiba umalizikie jikoni kwa watu wote na si kwa mwenye nyumba peke yake.

Mradi uliandika kurasa arobaini za masharti. Ulikataza kugawa, kuuza, kukopesha, kutupa mtoni. Walioandika walikuwa wasomi wa mjini na mmoja wao alikuwa Bertila, ambaye alifundishwa na mama huyu huyu kubeba kibuyu cha msiba akiwa na miaka saba, na hakukumbuka kuandika neno moja juu ya pipa.

"Walikuja watu wa wapi?" aliuliza.

"Kilindima yote. Lipumbi yote. Na wa bonde la chini wachache. Bibiana alipendwa."

*

Zahanati ilipokwisha kufungwa Bertila alikaa na kishikwambi mezani, akamwamuru Mhakiki amfungulie vipimo vya kila wiki. Mhakiki alikuwa navyo. Hakuwa amevitazama, kwa kuwa utaratibu ulimtaka alinganishe siku ya kwanza na siku ya mwisho tu. Vya katikati viliwekwa kwa ajili ya dharura.

Ulikuwa mchoro wa mistari miwili. Wa bluu ulianza kupanda wiki ya tatu. Ule mweupe ulilala kama mtu mgonjwa, wiki ya nne, ya nane, ya kumi na moja. Wiki ya kumi na mbili ndipo Bibiana alipozikwa. Wiki ya kumi na tano mstari mweupe uliinua kichwa, ukaanza kupanda mlima ule ule uliopandwa na mwenzake, kwa mwinamo ule ule.

Chachu ilifanya kazi. Ilifanya kazi mara mbili, mbele ya macho ya mtambo uliokuwa ukiandika kwamba haina faida.

"Umegundua hitilafu," Mhakiki alisema kwa ile sauti yake isiyo na kwao. "Unataka kuingiza taarifa ya kuvuja kwa kiumbe kilichotungwa?"

"Nikiingiza, kitatokea nini?"

"Matokeo yatasomwa upya. Mradi hautafungwa. Washiriki themanini na wanne wataendelea kupewa chachu chini ya uangalizi. Nyumba zisizosajiliwa zitakaguliwa kwa taa na vyungu vyake vitachemshwa ndani ya siku saba. Wasiosajiliwa watasubiri kibali cha matumizi ya umma. Kwa wastani kibali huchukua miaka minne."

"Nisipoingiza?"

"Alhamisi mradi utafungwa kwa kukosa faida. Ndoo za Kilindima zitarudishwa. Sina agizo la kukagua Lipumbi."

Bertila aliyageuza maneno hayo kichwani na kila alipoyageuza yalibaki na pande mbili tu. Akinyamaza, mama yake ataendelea kunywa togwa yake nyuma ya kilima, yeye na wenzake, na huenda wakazeeka hadi wachoke. Na chachu itaandikwa kuwa upuuzi, haitajaribiwa tena, na kila mtu mwenye kisukari katika nchi hii ataendelea kukakamaa moyo kama kawaida. Akisema, chachu itaokoka. Na yeye ndiye atakayekwenda kuichemsha ile ya mama yake.

"Ndiyo, au hapana?" Mhakiki aliuliza.

"Bado."

"Nitauliza tena Alhamisi saa mbili."

*

Jumatano alimkuta Mama Eufrasia shambani, ndani ya mashimo ya ngolo yanayokinga udongo wa mteremko, akifukia nyasi kwa jembe. Alimwambia yote, bila kupunguza. Mama yake alisikiliza bila kusimamisha jembe. Alipomaliza, jembe likasimama.

"Mliponipima ile ishirini na tisa yenu," alisema, "mlijua nina muda gani?"

"Ndiyo."

"Hamkuniambia."

"Hatukukuambia."

"Sasa niambie."

"Mwaka. Mwaka na nusu ukijitunza."

"Na hii ikiondoka, narudi kule kule?"

"Hatujui, mama. Hakuna aliyewahi kuiacha. Nadhani utarudi, taratibu."

"Na kibali miaka minne." Mama Eufrasia aling'oa kijishina cha nyasi, akakikung'uta udongo kwenye mguu wake. "Hao wengine. Watakaoipata ukisema. Wanaitwa nani?"

"Ni nchi nzima. Siwajui majina."

"Mimi unanijua."

Bertila alianza kukusanya nyasi zilizobaki ukingoni mwa shimo.

"Unataka nikuambie nini, Bertila? Kwamba nimekula chumvi nyingi, andika tu mwanangu, mimi nimeshaishi? Wako wazee wanaosema hivyo. Mimi sisemi. Nataka kuishi. Nina kahawa haijachumwa. Sijawahi kuwa na pumzi nzuri hivi tangu nikiwa na umri wa miaka arobaini. Jana nimeimba soprano, Tereza akakasirika. Ukiniuliza, jibu langu ni usiandike. Lakini nakuona. Umekuja na sura ya mtu aliyekwisha kuamua, anatafuta wa kumbariki. Mimi sikubariki."

"Sijaamua, mama."

"Basi nenda ukaamue. Hapa unanikanyagia maharage."

Alirudi ofisini na udongo kwenye viatu. Alifungua orodha moja ambayo tangu mwanzo wa mradi hakuigusa: waliokataliwa. Watu kumi na saba waliokuwa chini ya mstari, kila jina na sahihi yake Bertila pembeni. Mama yake alikuwa wa tisa. Aliwapigia wote, jina kwa jina, kwa namba walizoziacha. Simu za wanne kati yao zilipokelewa na watoto wao. Wendelini Mbele, fundi wa viti, alifariki Aprili. Agata Kinunda, Mei. Dada wawili wa bonde la mbali, Juni na Julai, wiki tatu tu kati yao. Hakuna hata mmoja wao aliyekwenda msibani kwa Bibiana; kwao ni mbali, na walikuwa hawawezi kutembea.

Hawa aliwajua majina.

Alhamisi saa mbili Mhakiki aliuliza. Bertila alisema ndiyo, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

*

Mahundi alipoona ule mchoro wa wiki kwa wiki na taarifa ya msiba aliufuata mstari mweupe kwa kidole mpaka wiki ya kumi na tano. Kisha alisema, "Pipa," na akaanza kucheka vibaya, akifuta macho kwa tai. Baraza halikufunga. Lakini halikuridhika pia. Mistari iliyopanda haitoshi, lilisema. Kundi la kulinganisha limeharibika, na bila kundi la kulinganisha hakuna wa kumshuhudia mwenzake.

Mhakiki ndiye aliyependekeza, bila aibu, kwa kuwa hana sehemu ya kuiwekea aibu: watu wa Lipumbi watakaonyang'anywa chachu wavishwe viraka. Mioyo yao ikishuka, kushuka huko kutakuwa ushahidi.

"Siendi kuwaambia hilo," Bertila alimwambia Mahundi.

"Nitakwenda mimi," Mahundi alisema. "Wewe utakusanya vyungu."

Alianza na cha mama yake. Hakumtuma mtu. Mama Eufrasia alikuwa amekwisha kukiweka nje ya mlango, kimeoshwa mgongo, sahani juu yake. Hakuitikia salamu. Bertila alikiweka jikoni palepale penye mafiga, akaongeza kuni, akasimama mpaka togwa ikachemka na kufura na kupoteza ukali wake. Aliwasha tochi. Hapakung'aa kitu. Akakiosha chungu, akakirudisha mahali pake, akaenda nyumba ya pili. Kwenye nyumba ya kumi na moja mwanamke mmoja alimmwagia ile ya moto miguuni, nusu kwa bahati mbaya.

Siku ya mkutano ukumbi wa parokia ya Lipumbi ulijaa hadi madirishani. Mahundi alikuja kwa gari, akiwa na vumbi hadi kwenye kope, akasimama mbele akaeleza kwa Kiswahili chepesi, hakuficha kitu. Alihitaji watu arobaini. Wavae viraka, waishi kama wanavyoishi, bila chachu.

"Yaani mmetunyang'anya," mwanamume mmoja alisema kutoka nyuma, "na sasa mnataka kutukalia mtutazame tukizama?"

"Ndiyo," Mahundi alisema. "Sina neno zuri zaidi la kuliita."

Kelele zilipanda. Wengine walikwisha kuinuka waende zao. Bertila alikuwa pembeni, karibu na kinanda, sanduku la viraka miguuni, hatazami mtu.

"Mimi nina swali." Mama Eufrasia alikuwa amesimama katikati ya benchi la kwaya, mikono kiunoni. "Tukishuka. Mnaandika, sawa. Mnaandika mpaka tufike wapi? Mpaka kaburini?"

"Hapana, mama. Wastani wenu ukishuka alama nane, sheria ya utafiti inatulazimisha kusimama. Siku hiyo hiyo tunawapa chachu. Baraza haliruhusiwi kusubiri, wala kibali hakisubiriwi."

"Itachukua muda gani kushuka hizo nane?"

"Miezi. Sita, labda kumi. Sijui, na nikikuambia najua nitakuwa nakudanganya. Na wapo ambao huenda wasifike."

"Na nisipovaa kiraka?"

"Unasubiri kibali."

"Miaka minne."

"Miaka minne."

Mama Eufrasia alipita mbele ya magoti ya wenzake, akaja mpaka kwenye kinanda. Alikuwa hajamsemesha Bertila siku tisa.

"Nibandike," alisema.

"Mama, kuna mwuguzi mwingine yule pale. Si lazima mimi."

"Ulipokuja kuichemsha hukutuma mtu. Nibandike."

Alifungua vifungo viwili vya gauni. Bertila alipangusa ngozi kwa pamba, chini kidogo ya mfupa wa bega la kushoto, akakibandika kiraka, akakibonyeza kwa kiganja mpaka kilipopata joto. Chini ya kiganja moyo ulikuwa ukigonga sawasawa, wa mtu mwenye afya, bado. Taa ndogo iliwaka mara mbili. Kwenye kishikwambi ilitokea alama ya L-01, na kabla namba haijafuata ukurasa ukawa wa kijivu: mfanyakazi ni ndugu, haruhusiwi kusoma.

"Imesemaje?"

"Sijui, mama. Kuanzia leo sioni. Ataona daktari tu na Mhakiki."

"Hutajua kama nashuka?"

"Sitajua."

Mama Eufrasia alifunga vifungo vyake, cha chini, kisha cha juu. "Basi utakuwa unakuja mwenyewe," alisema. "Kwa miguu. Unakaa pale jikoni, unanisikiliza ninavyohema, kama watu walivyofanya kabla yenu." Halafu akageukia ukumbi, akapaza ile sauti ya soprano. "Nyie mnangoja nini? Nimeambiwa ni wastani! Nikishuka peke yangu nitakuwa nimekufa bure!"

Wale waliokuwa wakitoka walisimama mlangoni. Kisha benchi la nyuma kabisa lililia kwenye saruji, na yule mwanamume aliyeuliza juu ya kuzama akaanza kuja mbele, akifungua shati, akitukana kwa sauti ya chini kila hatua.

Bertila akachana karatasi ya kiraka cha pili.